Mvua, Baridi na Nyumba ya Jirani



Katika Matendo ya Mitume 27 na 28 tunasoma habari za watu 276 waliofika pwani ya Malta bila chombo, bila mizigo, nguo zimelowa. Luka anataja mambo mawili yaliyowatesa pale: mvua na baridi. Wenyeji wakawasha moto, wakawapokea wote. Hawakuwa Wakristo, wala hawakujua kwamba kati ya wafungwa wale alikuwemo mtume. Publio, mkubwa wa kisiwa, aliwaweka kwake siku tatu. Kisha wageni wakakaa miezi mitatu, mpaka majira ya baridi yalipopita na meli zikaweza kusafiri. Wahubiri wengi hukimbilia yule nyoka aliyemshika Paulo mkononi. Sisi leo tunataka kubaki kwenye ule moto, na kwenye ile miezi mitatu.

Kwetu theluji hakuna. Lakini anayelala nje kati ya Kasongo na Kabambare mwezi wa kumi na moja anaijua baridi ya mvua ya usiku, na watoto wanaokohoa mpaka asubuhi. Majira yetu magumu yanaanza mwezi wa tisa na kuendelea hadi mwezi wa tano.

Wengi wamesikia kwamba Livingstone alikutana na Stanley kule Ujiji mwaka 1871. Wachache wanajua kwamba mbele ya hapo alikaa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, karibu miezi saba: tangu mwezi wa saba 1870 hadi tarehe 16 mwezi wa pili 1871. Alirudi pale na watu watatu tu, Susi, Chuma na Gardner. Wengine walikuwa wamemwacha, na vidonda vya miguu havikumruhusu kutembea. Mvua zote za mwisho wa mwaka ule zilimkuta chini ya paa la wengine. Katika safari yake ya Maniema alisoma Biblia nzima mara nne.

Nani alimsaidia mgeni huyu? Alipougua sana mwaka 1869, aliyemtunza na kusafiri naye hadi huku kwetu alikuwa Muhammad Bogharib, Mwislamu, mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa. Livingstone aliichukia biashara ile kwa moyo wote, lakini aliishi kwa wema wa mtu aliyeifanya. Hatumsafishi Bogharib. Bunduki za wafanyabiashara wa namna ile ndizo zilizowaacha maelfu bila nyumba. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, Livingstone mwenyewe aliona watu wao wakipiga risasi ndani ya soko la Nyangwe, mamia wakafa, wengi wao wanawake, na ngambo ya Lualaba vijiji vikawaka moto.

Habari za mzungu mmoja tunazo kwa tarehe. Habari za waliokimbia Nyangwe siku ile, na za nyumba zilizowafungulia mlango, hakuna aliyeziandika. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 1964, waasi wa Simba walipoingia Maniema; tena katika vita vya 1996 na 1998; tena miaka hii ya karibuni, watu walipokimbia mapigano pande za Salamabila, na wengine kuvuka kwetu kutoka Tanganyika. Kila mara wengi hawakulala kambini. Walilala kwa shangazi, kwa rafiki wa baba, kwa mama waliyekutana naye ibadani siku ya kwanza. Katika inchi yetu, kazi hii imebebwa na nyumba za watu maskini.

Na nyumba hizo zinachoka. Nyumba ya watu sita ikipokea wanane, mbegu ya mpunga iliyowekwa kwa kupanda inaingia chunguni. Mvua ikija, mwenye nyumba hana cha kupanda, naye mwaka unaofuata anakuwa mhitaji kama mgeni wake. Mara nyingi msaada ukifika, yanaandikwa majina ya waliokimbia. Mwenye nyumba anasimama pembeni kama mtazamaji. Kwa maoni yetu hapo kanisa lina kazi yake, kwa sababu sisi tunamjua mwenye nyumba: anakaa nasi kwenye benchi moja.

Kuombea ni huduma yetu na hatuipunguzi. Baba yake Publio alikuwa na homa na kuhara damu, na Paulo alimwekea mikono, akapona. Lakini tazameni mfuatano wa sura ile: kabla ya kuomba, Paulo aliokota kuni. Mtume, tena mfungwa aliyetoka baharini, aliinama akakusanya kuni za moto uliowashwa na wengine.

Basi vijana wanaotaka kujitolea, tunawaomba waanze na nyumba zenye wageni. Chumba kimoja cha miti na udongo kikiongezwa ubavuni mwa nyumba, familia mbili zinapumua. Anayeweza kutoa kikombe cha mbegu ya mpunga ampe mwenye nyumba mkononi, na wadiakoni wajue. Shitingi zikipatikana, vizuri, ila tusizingoje. Majani ya kuezeka yanakatwa sasa, kipwa kikiwa bado kikali, na kuta za udongo zinahitaji jua wiki kadhaa ili zikauke kabla ya mwezi wa tisa.