Mdomo ulisema 'watu wema', kalamu ikaandika 'wazushi'

UKITOKA mji wa Ax-les-Thermes, kusini kabisa mwa Ufaransa karibu na Andorra, barabara inapanda kona baada ya kona hadi upenyo wa Chioula, mita 1,431 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa inabadilika, unavaa sweta. Kisha gari linateremka hadi kwenye uwanda wa malisho na misonobari, na ghafla umefika Montaillou. Nasema ghafla kwa sababu usipokuwa makini utakipita kijiji chenyewe. Ni komuni, yaani kitengo cha chini kabisa cha utawala huko, mfano wa kata yetu, ila hii ina meya wake ingawa wakazi wake wa mwaka mzima hawafiki 50.

Mwenyeji wangu, mwalimu wa isimu kutoka Toulouse, alizima gari akaniuliza: "Sasa Profesa, umetoka Nairobi kuja kuona nini hapa? Nyasi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Juu ya kilima zimebaki kuta chache za ngome ya enzi za kati. Kijiji cha zamani kilijibana chini ya ngome hiyo, kikiwa na watu kama 250. Cha sasa kimehamia chini zaidi. Penye nyumba za wakati ule leo pana majani, mawe na upepo.

Nilikwenda kwa sababu ya maneno. Sijui kijiji kingine cha wakulima na wachunga kondoo wa karne ya 14 ambacho tunayasikia mazungumzo yake ya jikoni kama hiki. Na tunayasikia kwa sababu watu hao walikamatwa wakahojiwa.

Hebu nieleze kidogo. Kusini mwa Ufaransa palikuwa na Wakristo ambao vitabu vya historia vinawaita Wakathari. Waliamini kwamba ulimwengu huu tunaouona ni kazi ya mwovu, si ya Mungu mwema. Wahubiri wao hawakula nyama wala hawakuoa, na hawakuitambua mamlaka ya Papa. Kanisa la Roma liliwapiga vita vya msalaba kuanzia 1209 hadi 1229, na vita vilipokwisha ikaanzishwa mahakama maalumu ya kuwasaka waliobaki. Kufikia 1300 wahubiri walikuwa wachache mno, wakijificha katika vijiji vya milimani kama Montaillou. Mwaka 1308 askari walikizingira kijiji wakawakamata karibu watu wazima wote. Kisha akaja Jacques Fournier, aliyefanywa Askofu wa Pamiers mwaka 1317. Mahakama yake ilianza kazi 1318 ikaendelea hadi 1325: vikao vya siku 370, mahojiano 578. Watuhumiwa wapatao 25 walikuwa wa Montaillou.

Fournier alikuwa mtu wa subira. Aliuliza, akanyamaza, akasikiliza, akauliza tena. Mwaka 1334 alichaguliwa kuwa Papa, akaitwa Benedikto wa 12, na daftari lake likahifadhiwa. Leo limo katika maktaba ya Vatikani. Jean Duvernoy alilichapisha kwa Kilatini mwaka 1965, na miaka kumi baadaye mwanahistoria Emmanuel Le Roy Ladurie akaandika kutokana nalo kitabu kilichokipa kijiji hiki umaarufu duniani. Mimi nilikisoma nikiwa mwanafunzi katika miaka ya themanini, katika tafsiri ya Kiingereza iliyofupishwa. Nilikipenda kwa sababu isiyo ya kisomi hata kidogo: kilinikumbusha jiko la nyanya yangu.

Kwa nini nisikumbuke? Humo wanawake wanakaa wakitoana chawa huku wakizungumza mambo ya dini na ya majirani kwa pumzi moja. Béatrice de Planissoles, mke wa msimamizi wa ngome, baadaye mjane na hawara wa kasisi, alimtoa chawa kasisi huyo. Mzee wa nyumba kubwa anapofariki, watu wanahifadhi nywele na kucha zake kidogo ili baraka isiondoke nyumbani. Na neno lao la nyumba, 'ostal', lilikuwa na maana mbili kwa pamoja: kuta na paa, halafu ukoo wote ulio ndani yake, waliokufa na walio hai. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu. Sisi husema 'nyumba ya fulani' au 'mlango wa fulani' na hakuna anayewaza mbao na bawaba.

Tulishuka hadi kanisa dogo la Notre-Dame-de-Carnesses, lenye makaburi ubavuni. Humu ndimo alimozikwa mama yake kasisi Pierre Clergue, chini ya madhabahu ya Bikira, naye alikuwa rafiki wa Wakathari. Wanakijiji walilijua hilo, wakanong'ona. Na hapa lugha yetu ina jambo la kuchangia. Kwa Kiswahili 'uzushi' ni mafundisho yaliyokengeuka dini, na 'uzushi' pia ni habari ya kubuni, umbeya. Mtu anazua. Lugha nyingi za Ulaya zina maneno mawili tofauti kabisa kwa mambo hayo. Montaillou yalikutana: umbeya wa kwenye moto wa jikoni ndio uliopelekwa Pamiers ukawa ushahidi wa uzushi wa dini.

Sasa nije kwenye kiini cha safari yangu. Watu hawa walisema Kioksitania, lugha iliyopewa jina kutokana na neno lake la kukubali, 'oc', kama vile sisi tungeitwa watu wa 'ndiyo'. Askofu naye alizaliwa Saverdun, kaskazini kidogo mwa Pamiers, kwa hiyo aliielewa lugha yao barabara. Hapakuhitajika mkalimani wa mdomo. Ukalimani ulifanyika kwenye kalamu. Shahidi alisema Kioksitania, karani akaandika Kilatini. Baadaye karani alimsomea shahidi maandishi yale, akiyarudisha katika lugha ya nyumbani, ili ayakubali au ayarekebishe. Ndipo yakanakiliwa safi. 'Mimi' ya shahidi ikageuka 'yeye': alisema kwamba, aliulizwa iwapo, alijibu kuwa.

Hilo la 'mimi' na 'yeye' ni dogo. Kubwa ni hili: wanakijiji waliwaita wahubiri wale 'watu wema' au 'Wakristo wema'. Katika daftari, mara nyingi neno lililoandikwa ni 'wazushi'. Basi unasoma mama wa kijijini akisema, ati, alimpelekea mzushi unga na samaki. Nani katika kijiji hicho angesema hivyo? Hakuna mtu anayemlisha mzushi. Alimlisha mtu mwema. Hukumu imetangulia ushahidi, tena imetangulia ndani ya nomino.

Samahani msomaji, hapa nitaingiza habari ya kwetu, kwa maana ndiyo iliyonipandisha mlima ule. Babu yangu alihojiwa mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari. Miaka michache iliyopita niliipata nakala ya maelezo yake katika faili moja la zamani: kurasa mbili za taipu, kwa Kiingereza, na mwishoni alama ya dole gumba. Babu hakujua Kiingereza hata cha kuomba maji. Maelezo yanasema kwamba yeye, kwa hiari yake, anakiri kuwapa 'magaidi' chakula mara tatu. Nilimfahamu mzee huyu hadi nilipokuwa na umri wa miaka kumi na minne. Aliwaita 'watu wa msituni', basi. Wakati mwingine, akiwa amefurahi, 'vijana wetu'.

Huko Kapenguria, katika kesi ya Mzee Kenyatta na wenzake, mawakili wa utetezi angalau waliweza kumpinga Louis Leakey kama mkalimani, naye akajiondoa. Mtu wa kijijini hakuwa na wakili wa kupinga nomino.

Lakini nisimdhulumu karani wa Fournier. Alipotosha jina la wahubiri, ila mengine aliyaacha yapite: chawa, kucha, matusi, mapenzi, mtu anayesema kwamba roho ni damu tu. Maelezo ya babu hayana hata chembe ya hayo. Aliyeyaandika alitaka jibu la swali moja, na alipolipata alifunga faili. Askofu alitaka kuelewa, na tamaa yake ya kuelewa, ambayo ilikuwa ya hatari sana kwa mashahidi, imekuwa neema kwetu. Sijui niifurahie vipi. Béatrice alifungwa, kisha mwaka 1322 akaachiliwa kwa sharti la kuvaa misalaba ya manjano iliyoshonwa kwenye nguo. Guillaume Bélibaste, mhubiri wa mwisho anayejulikana wa Wakathari katika nchi hiyo, alichomwa moto Villerouge-Termenès mwaka 1321.

Ajabu ni kwamba msemaji mkuu wa kijiji hana ukurasa. Kasisi Pierre Clergue, aliyekuwa akiwalinda Wakathari kwa mkono mmoja na kuwachongea maadui zake kwa mwingine, alikamatwa mwaka 1320 akafia gerezani bila kuacha maelezo. Tunamjua kwa midomo ya wengine tu. Na mama mmoja, Mengarde Maurs, aliyethubutu kuwasema akina Clergue, alikatwa ulimi. Nilisimama pale juu kwenye vifusi vya ngome nikiliwaza hilo, mwenyeji wangu akidhani nimechoka kupanda.

Kesho yake tulikwenda Montségur, ambako watalii wanakwenda. Hapo ngome ilizingirwa kuanzia Mei 1243, ikasalimu amri Machi 1244, na Wakathari zaidi ya 200 wakachomwa. Mwamba ni mrefu, unakata pumzi, nami kwa magoti haya nilipumzika mara nne. Watu walikuwa wakipiga picha kuta kwa heshima kubwa. Kumbe kuta hizo zilijengwa baada ya Wakathari kuondolewa. Ni nzuri, sikatai. Mimi roho yangu ilikuwa imebaki Montaillou.

Na ilibaki kwa sababu ya mzee mmoja. Siku ile ya kwanza tulimkuta kwenye makaburi akipalilia kaburi la mkewe. Mwenyeji wangu alimwamkia na kuniombea ruhusa ya kuuliza: je, bado anasema Kioksitania? Alishtushwa na jina hilo. "Aa, patois," alisema, yaani lugha ya shamba, lugha isiyo lugha. "Naielewa. Siisemi."

Baba yake, alisema, aliiacha shuleni. Aliyesikika akiisema alipewa kipande cha mbao akae nacho hadi amnase mwenzake, na aliyekuwa nacho jioni ndiye aliyeadhibiwa. Nilimwomba mwenyeji wangu amweleze kwamba mimi nilivaa diski shingoni kwa kosa hilohilo, darasa la nne, maelfu ya kilomita kutoka hapo, na kwamba nami nilijifunza kumnasa mwenzangu. Mzee alinitazama kwa muda. Kisha akasema kwamba baba yake aliendelea kuitumia lugha hiyo na ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hawakwenda shule.

Tulicheka, akarudi kwenye magugu yake. Tulipofika langoni alituita, akasema sentensi moja ambayo mwenyeji wangu, mtaalamu wa isimu wa eneo hilo, aliomba airudie. Alikuwa ametutakia njia njema. Si kwa Kifaransa.

Nimerudi nyumbani na ile karatasi ya babu iko mezani. Nimejaribu kufanya alivyofanya karani wa Pamiers alipomsomea shahidi maandishi yake, yaani kuirudisha katika lugha iliyotoka mdomoni. Sentensi ya kwanza ni jina lake na kijiji chake. Hiyo ni rahisi. Ya pili inasema alikuwa na akili timamu. Ya tatu ndiyo yenye 'magaidi'. Nimeandika 'watu wa msituni', nikafuta, nikaandika 'vijana wetu', nikafuta. Wiki ya tatu sasa niko kwenye sentensi hiyo.