Jayakar, tabibu wa kijeshi aliyeiandika Oman

Atmaram Sadashiva Grandin Jayakar, daktari wa kijeshi mzaliwa wa India, aliishi na kufanya kazi Maskati kwa takriban miaka 30, hadi mwaka 1900. Alipelekwa huko kutibu wagonjwa. Leo, hata hivyo, jina lake halitajwi sana hospitalini, bali katika vitabu vya wanyama na vya lugha ya Kiarabu cha Oman.

Jayakar alizaliwa mwaka 1844 katika jamii ya Pathare Prabhu ya Bombay. Aliingia katika Idara ya Tiba ya India, ambayo ilikuwa sehemu ya jeshi la utawala wa Uingereza na ambayo maofisa wake walikuwa na vyeo vya kijeshi. Mtihani wa kujiunga nayo ulifanyika Uingereza, na ingawa tangu mwaka 1855 Wahindi waliruhusiwa kuufanya, waliofaulu walikuwa wachache mno. Jayakar alipanda hadi cheo cha Luteni Kanali, akafanya kazi ya daktari katika Wakala wa Uingereza mjini Maskati, na mara kadhaa akakaimu nafasi ya Wakala mwenyewe. Haikuwa jambo dogo kwa Mhindi wa enzi hizo.

Aliwakuta watawala ambao wasomaji wa Afrika Mashariki wanawajua kwa nasaba: Sultani Turki bin Said, ndugu yake Sultani Barghash wa Zanzibar, na baadaye Faisal bin Turki. Hata mmoja wa mawakala wa Uingereza aliofanya nao kazi, James Hayes Sadler, alikuja kuwa Kamishna wa Uganda na kisha Gavana wa himaya iliyokuja kuitwa Kenya.

Bandari na bara

Maskati ya siku hizo ilikuwa mji mdogo uliobanwa kati ya majabali na bahari. Nyuma ya majabali hayo, katika nchi inayojulikana sasa kuwa mikoa ya Dakhiliya na Sharqiya, amri ya Sultani ilikuwa hafifu. Nizwa ulikuwa mji mkongwe wa Maimamu. Ibra na vitongoji vyake vilikuwa ngome ya kabila la al-Harthi, lenye jamaa wengi Zanzibar na katika mwambao wa Afrika. Sur iliishi kwa majahazi, na baadhi ya manahodha wake walipeperusha bendera ya Ufaransa ili kukwepa ukaguzi wa manowari za Uingereza zilizowasaka wafanyabiashara ya watumwa. Mzozo huo wa bendera ulifikishwa mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa uamuzi wake mwaka 1905.

Mwaka 1895 wapiganaji wa Sharqiya waliishambulia Maskati na kuuteka mji, na Sultani Faisal akalazimika kujihifadhi ngomeni. Si ajabu, basi, kwamba Oman ya bara haikuwa mahali ambapo ofisa wa Uingereza angeingia apendavyo.

Kazi ya tiba

Katika taarifa ya mwaka ya utawala wa Uingereza katika Ghuba, ya 1876-77, Jayakar alichapisha maelezo marefu kuhusu Maskati kwa jicho la tabibu: joto lake, maji yake, makazi ya watu na maradhi yao. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya aina hiyo kuhusu mji huo. Karibu wakati huohuo, mwaka 1876, James Christie, daktari aliyekuwa Zanzibar, alitoa kitabu chake kuhusu kipindupindu katika Afrika Mashariki. Bandari hizo mbili, zilizounganishwa na majahazi ya msimu, zilikuwa na hofu moja. Kipindupindu kilirejea Maskati na Matrah mnamo 1899 na 1900, Jayakar alipokuwa anamaliza utumishi wake.

Wanyama na majina

Kwa miaka mingi Jayakar alipeleka mikusanyo ya samaki, wadudu, nyoka na wanyama wengine kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Wataalamu wa huko walikipa kila kiumbe kigeni jina la Kilatini, na mara nyingi waliingiza humo jina la aliyekileta. Ndiyo sababu kuna mjusi wa milima ya Hajar, nyoka wa mchangani mwenye macho juu ya kichwa, na hata farasi wa baharini, wote wakiitwa jayakari.

Aliye mashuhuri zaidi ni mbuzi-mwitu wa Oman, aliyeelezwa kisayansi na Oldfield Thomas mwaka 1894 kutokana na vielelezo vilivyotoka eneo la Jabal Akhdar. Wakazi wa majabali hayo walikuwa wakimwita waal, nao walimjua vizazi na vizazi kabla ya London kumsikia. Lakini daftari la sayansi limehifadhi jina la daktari tu. Kwa zaidi ya karne moja mnyama huyo alihesabiwa kuwa ndugu wa mbuzi-mwitu wa Himalaya. Mwaka 2005 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba sivyo: jamaa yake wa karibu ni kondoo-mwitu wa Afrika Kaskazini. Amewekwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na makazi yake yanafuata safu ya milima kutoka Musandam hadi upande wa Sur.

Lugha ya watu

Pengine kazi yake yenye thamani zaidi ni ile isiyohitaji bunduki wala chupa ya spiriti. Mwaka 1889 alichapisha katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Asia uchambuzi wa lahaja ya Kiarabu cha Oman, na baadaye mkusanyo wa methali za Waomani na makala kuhusu usemi wa Washihuh wa Musandam. Wasomi wengi wa wakati wake walikithamini Kiarabu cha vitabuni, huku maneno ya sokoni wakiyaona upotofu. Yeye aliyaandika kama yalivyosemwa.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1894, Mjerumani Carl Reinhardt alitoa sarufi ya lahaja ya Oman na Zanzibar, iliyotokana na usemi wa watu wa Bani Kharus, bonde lililo upande wa pili wa Jabal Akhdar ukitoka Nizwa. Kwa familia ambazo mababu zao walivuka bahari kwenda Afrika na wajukuu wakarudi Oman wakizungumza Kiswahili, maandishi hayo mawili yanahifadhi usemi wa nyumbani ambao wengine wao hawakuurithi.

Baada ya kustaafu, Jayakar alianza kukitafsiri kwa Kiingereza kitabu kikubwa cha wanyama cha al-Damiri, mwanachuoni wa Misri wa karne ya 14. Sehemu za tafsiri hiyo zilitoka mwaka 1906 na 1908. Alifariki mwaka 1911, kazi hiyo ikiwa haijakamilika.