Nahodha wa Kukodi na Miji Isiyo na Watu

Asubuhi ya Oktoba 8, 1856, askari wa serikali ya China walipanda jahazi lililoitwa Arrow likiwa limetia nanga Guangzhou, wakakamata mabaharia 12 kwa tuhuma za uharamia. Nahodha hakuwamo. Thomas Kennedy, kijana wa miaka 21 kutoka Belfast, alikuwa akistaftahi kwenye chombo cha jirani. Mwenye jahazi alikuwa Mchina, na mabaharia waliokamatwa walikuwa Wachina. Kennedy aliajiriwa ili jahazi lionekane la Waingereza.

Mwenye jahazi alijua anachonunua. Mkataba wa Nanjing wa 1842 ulikuwa umewafungulia Waingereza bandari tano, na mapatano yaliyofuata yakawatoa mikononi mwa mahakama za China. Mchina aliyesajili chombo chake Hong Kong, koloni la Waingereza, na kumweka mgeni juu ya sitaha alijipatia sehemu ya kinga hiyo. Usajili wa Arrow ulikwisha muda Septemba 27, siku chache tu kabla ya msako. Hata hivyo konsuli Harry Parkes alishikilia kwamba bendera ya Uingereza imedhalilishwa, na Vita vya Pili vya Kasumba vikaanza. Vilimalizika 1860, kasri la kifalme la kiangazi nje ya Beijing likiwa limeporwa na kuchomwa moto.

Mwaka 1943 Uingereza na Marekani ziliachia haki hizo za kutohukumiwa na mahakama za China. Heshima iliyoambatana nazo ilidumu, na China ilipofungua uchumi wake kuanzia 1978, ikapata wateja wapya. Mwaka 2010 mwandishi Mkanada Mitch Moxley alisimulia katika jarida la The Atlantic jinsi yeye na wenzake walivyopelekwa Dongying, mkoani Shandong, kujifanya watu wa kampuni ya Marekani kwenye uzinduzi wa mradi. Walilipwa dola 1,000 kwa wiki. Sifa zilizotakiwa zilikuwa ngozi nyeupe na suti. Mmoja wao alihutubia kama mkurugenzi.

Filamu ya David Borenstein, Dream Empire ya 2016, inaonyesha biashara hiyo ya kukodi wageni ilipohamia kwenye uuzaji wa nyumba. Wageni wa kawaida walipandishwa jukwaani wakitambulishwa kama wasanii au watu mashuhuri, ili mtaa mpya uonekane wa kimataifa. Madalali walipanga bei kwa rangi ya ngozi: mzungu ghali zaidi, mtu mweusi nafuu. Hilo linaniuma, lakini aliyeumia zaidi ni mnunuzi. Mgeni alichukua ujira wake jioni ile ile akaondoka. Familia iliyotumia akiba yake kununua ilibaki na fleti katika jengo ambalo ghorofa nyingi hazikuwa na mtu.