Kizuiaoksidisho, Si Kiondoa Sumu

Soma maelezo ya chupa ya juisi ya zabibu, au sikiliza kipindi cha afya redioni, na mapema au baadaye utakutana na sentensi hii: zabibu zina viondoa sumu. Mtangazaji akitaka kuikoleza ataongeza kwamba divai nyekundu inavyo kwa wingi zaidi. Istilahi ya kisayansi inayotafsiriwa hapo ni antioksidanti, na tafsiri hiyo imeenea mno hata wauguzi na walimu wanaitumia. Mimi naona ni tafsiri mbaya. Inamfanya mgonjwa anunue kitu kwa kazi ambayo kitu hicho hakiifanyi.

Sumu kwa Mswahili ni kitu kinachoingia mwilini kikadhuru au kikaua, na maana hiyo tumeilinda vizuri katika istilahi zetu. Bakteria tumewaita vijasumu, dawa ya kuwaua tukaiita kiuavijasumu. Sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu tumeiita sumukuvu, na neno hilo limefika hadi kwa mkulima kijijini bila kuhitaji mkalimani. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Dodoma ndiko pia kunakolimwa zabibu nyingi za Tanzania. Fikiria basi mzazi wa huko aliyeambiwa kwamba tunda linalokua jirani na shamba lake lina viondoa sumu. Ana haki kabisa ya kuelewa kwamba akimlisha mtoto zabibu baada ya ugali wa mahindi yenye kuvu, sumu itatoka. Haitatoka. Dawa ya sumukuvu ni kuanika mahindi yakauke sawasawa, kuyahifadhi pasipo na unyevu na kuyatupa yaliyoota kuvu. Na kiungo kinachoshughulika na sumu iliyokwisha kuingia mwilini ni ini, likisaidiwa na figo.

Antioksidanti hufanya kazi nyingine. Menya ndizi mbichi uiache hewani. Baada ya muda itakuwa nyeusi. Oksijeni ya hewani, ikisaidiwa na kimeng'enya kilichomo kwenye ndizi yenyewe, imezipokonya elektroni baadhi ya molekuli zake, nazo zimegeuka kuwa kitu kingine chenye rangi ya giza. Tendo hilo la kupokonywa elektroni ndilo wanakemia wanaloliita kuoksidishwa. Mpishi anayezitumbukiza ndizi zake kwenye maji ya ndimu anazuia jambo hilo kwa njia mbili kwa pamoja: ukali wa ndimu unakipunguza nguvu kimeng'enya, na vitamini C iliyomo inatoa elektroni zake yenyewe. Hiyo vitamini C, hapo kwenye sufuria, ni antioksidanti. Hakuna sumu yoyote iliyoondolewa.

Mwilini mambo ni hayo hayo kwa msingi, ingawa yamefungamana zaidi. Seli zinapotumia oksijeni kupata nguvu kutokana na chakula, huzaliwa vipande vya molekuli vyenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Wanasayansi huviita radikali huru. Elektroni pweke haitulii, hutafuta mwenza kwa kuipora molekuli iliyo karibu, iwe ni mafuta ya utando wa seli, protini au DNA. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alitoa nadharia kwamba uzee wenyewe ni mrundikano wa uharibifu wa namna hii, na kuanzia hapo radikali huru zikapata jina baya. Ila chembe nyeupe za damu huzitengeneza radikali hizo hizo kwa makusudi ili ziue vijasumu. Misuli inayofanya mazoezi huzitumia kama ishara ya kujijenga. Kitu ambacho mwili unakitengeneza na kukitumia kwa ulinzi wake hakistahili kuitwa sumu, na mtu anayetamani kukifuta chote hajui anachokiomba.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba antioksidanti lilikuwa neno la kiwandani kabla ya kuwa neno la kliniki. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilihusu kemikali za kuzuia mpira usipasuke na petroli isigande utomvu kwenye injini. Hadi leo huongezwa kwenye mafuta ya kupikia ili yasiharibike upesi. Katika matumizi hayo yote neno hutaja tendo la kikemia tu. Ahadi ya uzima iliongezwa baadaye, na sisi tulipotafsiri tukatafsiri ahadi, tukaliacha tendo.

Tuseme nini basi? Kutohoa ni njia halali, na mwenye kuandika antioksidanti hajakosea. Tatizo ni kwamba msomaji anabaki na sauti bila maana. Wengine wangependa kingaoksidi, kwa mfano wa kingamwili. Lina mvuto, lakini oksidi ni kampaundi, kama ile oksidi ya chuma tunayoiita kutu, na kinachozuiwa si kampaundi bali ni tendo. Tena neno kinga linarudisha ahadi kwa mlango wa nyuma: mtu atadhani amechanjwa. Mimi napendekeza kizuiaoksidisho. Kitenzi oksidisha tayari kimo katika Kiswahili cha kemia. Kama fundisha ilivyotupa fundisho na onesha ikatupa onesho, oksidisha inatupa oksidisho bila kulazimisha chochote. Na umbo la ki- likifuatwa na kitenzi pamoja na yambwa yake ni umbo tulilozaliwa nalo, ndilo lililotupa kipaza sauti na kiuavijasumu. Ni neno refu, nakubali. Lakini linasema kitu kinafanya nini na linanyamaza kuhusu mengine, na kunyamaza huko ndiko ninakokutaka, kwa sababu zabibu na divai zina historia inayoonesha hasara ya neno lenye ahadi.

Ganda la zabibu nyeusi lina polifenoli za aina nyingi. Zipo anthosianini zinazolipa rangi, zipo tanini zinazokausha ulimi, na ipo resveratroli, ambayo mzabibu huitengeneza hasa unaposhambuliwa na kuvu au kuchomwa na jua kali. Divai nyekundu hupata vitu hivi kwa sababu huchachushwa pamoja na maganda, na alkoholi inavinyonya kutoka humo. Divai nyeupe hukamuliwa kwanza na maganda yakawekwa kando, ndiyo maana inavyo kidogo.

Novemba 1991 kipindi cha 60 Minutes cha televisheni ya CBS nchini Marekani kilitangaza kile kilichokuja kuitwa kitendawili cha Wafaransa: watu wanaokula siagi, jibini na nyama nono, lakini wanaokufa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha chini kuliko Wamarekani. Mwaka uliofuata Serge Renaud na Michel de Lorgeril waliandika katika jarida la Lancet kwamba huenda jibu ni divai. Mauzo ya divai nyekundu Marekani yalipanda kwa kasi. Mwaka huo huo wa 1992 watafiti waliripoti kuwa resveratroli imo ndani ya divai, na dunia ikaona imempata shujaa wake.

Mwaka 2006 David Sinclair wa Harvard na wenzake walionesha kuwa panya wanene waliolishwa resveratroli waliishi muda mrefu kuliko panya wanene wasioipata. Matokeo hayo yalikuwa ya kweli, na magazeti yaliyabeba yote isipokuwa kipimo. Panya hao walipewa miligramu 22 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni miligramu 1,320. Divai nyekundu ya kawaida ina miligramu moja au mbili tu katika lita nzima. Ukichukua mbili, mtu huyo angehitaji lita 660 kila siku. Wafamasia wana kanuni ya kupunguza dozi ya panya takribani mara 12 inapohamishiwa kwa binadamu. Itumie, na bado utabaki na lita zaidi ya 50. Hakuna anayekunywa hivyo akaona kesho.

Mwaka 2008 kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline iliinunua Sirtris, kampuni iliyozaliwa kutokana na utafiti huo, kwa dola milioni 720. Dawa iliyotarajiwa haikufika dukani. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Connecticut kilitangaza kuwa Dipak Das, aliyesifika kwa tafiti za resveratroli na moyo, alighushi takwimu. Kisha 2014 ukaja utafiti ninaouona wa maana kuliko yote, kwa kuwa ulifanywa kwa watu wa kawaida wanaokula chakula chao cha kawaida. Katika eneo la Chianti nchini Italia, ambako divai ni kinywaji cha mezani, Richard Semba na wenzake walipima mabaki ya resveratroli kwenye mkojo wa wazee 783, kisha wakawafuatilia kwa miaka tisa. Wenye mabaki mengi walikufa kwa kiwango sawa na wenye machache, na kwa magonjwa ya moyo na saratani haikuonekana tofauti.

Kitendawili chenyewe nacho kimeteguliwa kidogo kidogo. Katika takwimu nyingi, kundi la wasiokunywa lilichanganya watu wasioonja pombe maishani na wale walioacha kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa, kwa hiyo mnywaji wa kiasi akaonekana mzima kwa kulinganishwa na wagonjwa. Wanywaji wa glasi moja ya divai na chakula, aghalabu, pia wana kipato kizuri zaidi, hula mboga zaidi na huvuta sigara kidogo. Mambo hayo yote yalihesabiwa kwa jina la divai.

Hapa neno kiondoa sumu linakuwa la hatari hasa. Glasi ya mililita 150 ya divai yenye alkoholi asilimia 12 ina gramu 14 hivi za ethanoli. Ini huigeuza kuwa asetaldehidi, kitu kinachoiharibu DNA, na katika kazi hiyo huzaliwa radikali huru zaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka pombe katika kundi la visababishi vya uhakika vya saratani mwaka 1988, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Kwa hiyo ndani ya glasi hiyo sumu ipo, na ini ndilo linalohangaika kuiondoa huku chupa ikijisifu kwa kazi hiyo. Mtu mzima anayependa divai yake ya Dodoma ana uhuru wa kuinywa kwa ladha na kwa furaha ya karamu. Asiinywe kama dawa, wala mama mjamzito asiambiwe inaongeza damu, uongo ambao bado unazunguka mitaani.

Kuna ambaye atasema: basi tuache divai, tuchukue vizuiaoksidisho vyenyewe kwenye vidonge. Nchini Finland walijaribu. Wanaume wavutaji sigara 29,133 waligawanywa katika makundi, baadhi wakapewa miligramu 20 za beta-karotini kwa siku, kizuiaoksidisho kinachojulikana sana. Matokeo yalitolewa 1994: waliopewa walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Jaribio la aina hiyo Marekani lilisimamishwa mapema, 1996, kwa kuwa lilikuwa linaelekea huko huko. Sasa soma matokeo hayo kwa tafsiri ile ya zamani: viondoa sumu viliongeza saratani. Sentensi inajipinga yenyewe, na msomaji hana pa kushika. Ukisema vizuiaoksidisho viliongeza saratani, sentensi inasomeka, inashangaza kwa haki, na inamfanya mtu aulize kwa nini. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa orodha yake ya kupanga vyakula kwa uwezo wa kuzuia oksidisho ndani ya maabara, kwa sababu alama hizo hazikuonesha kinachotokea ndani ya mwili wa mtu na wauzaji walikuwa wakizitumia kujitangazia bidhaa.

Zabibu yenyewe, hata hivyo, nailetea habari njema. Uchambuzi uliochapishwa 2013 katika jarida la BMJ, uliotokana na maelfu ya wahudumu wa afya wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka mingi, ulionesha kuwa waliokula matunda mazima, zabibu zikiwa miongoni mwa yaliyoongoza, walipata kisukari cha aina ya pili kwa kiwango cha chini. Waliokunywa juisi ya matunda walikipata kwa kiwango cha juu. Tunda zima lina nyuzi, lina maji kiasi cha asilimia 80, na linahitaji kutafunwa, kwa hiyo sukari yake, kama gramu 16 kwa kila gramu 100, haimwagiki damuni kwa mkupuo. Zabibu kavu zina sukari karibu mara nne ya hizo kwa uzito ule ule, jambo ambalo mwenye kisukari inafaa alisikie. Kwa vitamini C, zabibu haiufikii hata mlango wa pera.

Na kama ni resveratroli au anthosianini mtu anazozitafuta, hazihitaji pesa ya divai. Zambarau na juisi ya rozela zimejaa anthosianini. Karanga zina resveratroli, na za kuchemsha na maganda zina nyingi kuliko za kukaanga, ili mradi mnunuzi achague zilizojaa, zisizosinyaa wala kuota kuvu, maana hapo ndipo sumukuvu inapokaa.

Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anayevuna mara mbili kwa mwaka anastahili soko, na lebo ya kweli haimnyimi. Ningeiandika hivi: zabibu hizi zina polifenoli, ambazo ni vizuiaoksidisho; uzile zikiwa mbichi, pamoja na maganda yake. Kwenye chupa ya divai ningeandika kiasi cha alkoholi kwa herufi zinazosomeka, na neno afya nisingeliweka mahali popote.