Bwana Kheri alisema ni baridi: sisi watu wa pwani na Mlima Kilimanjaro



Mwanzoni mwa kipupwe bi harusi mmoja alitujia na simu mkononi. Alituonesha picha za Iceland: watu wamevaa majaketi mazito, wanashuka kwenye basi usiku wa baridi kutazama nchi ya volkano, na juu yao mbingu imewaka kijani. "Jamani, fungate kama hii tutaipata wapi sisi?" akauliza. Tukacheka, maana nauli peke yake ni mahari ya mtu.

Lakini swali lile halikututoka. Taa zile za mbinguni huku kwetu hazionekani, hilo ni kweli. Volkano na barafu, hata hivyo, tunazo, na hazihitaji viza. Basi Julai tukavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, sisi na waume zetu na kaka zetu, tukakodi kosta, tukapita Chalinze, Segera, Korogwe na Same mpaka Moshi.

Siku tuliyofika hatukuuona mlima. Wakati wa kipupwe mawingu huulalia mchana kutwa. Asubuhi ya pili, tulipokwishasali Alfajiri na kutoka nje, ulikuwa umesimama wazi, kichwa cheupe. Kila mmoja wetu akasema Subhanallah. Mwenzetu mmoja, mtandio ameupandisha hadi puani, akasema neno moja tu: "Baridi!" Neno hilo lina historia yake, nayo ndiyo tunayotaka kuwasimulia leo.

Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, kwenda Uchagani. Aliyemwongoza njia ni Mswahili wa pwani, kiongozi wa misafara, jina lake Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima akadhani ni wingu. Bwana Kheri akamwambia kuwa ule weupe ni baridi. Kwetu pwani theluji haianguki, hata neno lenyewe tumelichukua kwa Waarabu. Mzee wa watu alisema alichokijua: kule juu kuna baridi, na baridi hiyo ina rangi nyeupe. Rebmann akaelewa papo hapo kuwa ni theluji.

Rebmann aliandika pia masimulizi aliyoyapata katika safari zake: kwamba watu waliodhani ule weupe ni fedha walipanda wakaujaza kwenye vyombo, na walipofika chini wakakuta maji matupu. Mabibi harusi mnaopenda fedha, hapo kuna funzo!

Habari ilipofika Ulaya ikakataliwa. Mtaalamu wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, aliyekuwa akiichora Afrika akiwa mezani kwake, alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Ubishi ukaendelea miaka na miaka. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken alikwenda na mwanajiolojia Richard Thornton, nao wakauona weupe ule. Mwaka 1862 von der Decken akarudi na Otto Kersten, wakapanda hadi kiasi cha mita 4,300, na theluji ikawaangukia. Wasomi walihitaji zaidi ya miaka 10 kukubali jambo ambalo Bwana Kheri alilieleza kwa neno moja akiwa njiani.

Sisi tunaoshughulika na nguo hupenda kuuliza: misafara ile ilibeba nini? Ilibeba nguo, dada zetu. Majora ya merikani, yaani pamba nyeupe ngumu iliyotoka Marekani, kaniki za buluu, na shanga. Nguo ndiyo iliyokuwa pesa ya njiani, na ndiyo iliyolipia hongo kwa watawala. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. Unapokwenda dukani leo ukaomba doti ya khanga kwa ajili ya singo, unatamka neno la misafara.

Lakini tusijipambe kwa historia ya asali tupu. Misafara hiyohiyo ilishuka na pembe za ndovu, na ilishuka pia na watu waliotekwa wakauzwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, enzi ya Sayyid Barghash. Tukisema mababu zetu waliijua njia ya mlimani, tuseme yote.

Na wanawake je? Mwaka 1891 Mmarekani May French-Sheldon alikwenda Kilimanjaro akiongoza msafara wake mwenyewe. Wapagazi aliwapata kwa msaada wa Sultani wa Zanzibar, Sayyid Ali bin Said. Njiani alijulikana kwa jina la Bibi Bwana. Kwenye mizigo alibeba gauni la kifahari la kumetameta pamoja na nywele za bandia, akavaa alipokutana na watawala. Huko aliteremka Ziwa Chala, lililojaa ndani ya shimo la volkano upande wa mashariki wa mlima, akasafiri kwa chombo juu ya maji yake.

Gauni lile limeandikwa sana. Ila katika msafara ule walikuwemo pia wanawake wa kwetu, waliotembea njia ileile kwa miguu yao. Majina yao nani anayajua? Sisi tulisimama ukingoni mwa Chala, tukatazama chini kwenye yale maji ya kijani, na hicho ndicho kilichotuuma: vazi linakumbukwa, mwanamke aliyetembea kando yake amesahaulika.

Tulipopanda hadi Marangu tukaona volkano inavyolisha watu. Kilimanjaro ni volkano tatu, Shira, Mawenzi na Kibo, na Kibo ndiyo ndefu kuliko zote, mita 5,895. Imelala, lakini ndani ya shimo lake bado hutoka mvuke na harufu ya kiberiti. Udongo wa majivu yake ndio unaostawisha migomba na kahawa, na maji huletwa kwa mifongo, mifereji ambayo Wachaga waliichimba zamani. Wao husimulia kuwa Mawenzi alikuwa jirani asiyechoka kwenda kwa Kibo kuomba moto, mpaka siku moja Kibo akachoka akampiga, ndiyo maana kichwa chake kimechongoka vile. Tukasema, kumbe hata milima ina ugomvi wa majirani!

Jambo la mwisho si la kucheka. Wataalamu waliolinganisha ramani ya mwaka 1912 na hali ya mwaka 2007 waliona kuwa asilimia 85 ya eneo la barafu ile imekwisha, na inaendelea kupungua. Huenda wajukuu wa mabibi harusi wa leo wasiuone ule weupe aliouita Bwana Kheri baridi. Watausikia kwetu tu.

Katika Surat Fatir, aya ya 27, Mwenyezi Mungu anatutajia milima yenye mistari myeupe, myekundu na myeusi, ili tuzingatie. Na katika Surat Al-Baqara tumekatazwa kuficha ushahidi. Sisi tunaziona amri mbili hizi zinakutana pale Moshi asubuhi: tazama, kisha sema ulichokiona, hata kama mwenye kalamu hatakuamini.

Basi, bi harusi wetu, ukiipanga safari yako, tia sweta zito chini ya baibui, na uamke mapema kabla mawingu hayajafunga. Kabla hujaondoka, kaa na bibi yako umuulize nani katika ukoo wenu aliwahi kwenda bara, na alibeba nini. Liandike jina lake, hasa kama ni la mwanamke.

Mola atujaalie safari zenye kheri na macho yenye kuzingatia. Amin.