Vidole Viwili vya Tony Iommi

Mwaka 1965, Tony Iommi, kijana wa miaka 17, aliingia kwa mara ya mwisho katika kiwanda cha mabati mjini Birmingham, Uingereza. Alikuwa ameshaaga, gitaa lilikuwa linamngoja. Siku hiyo hiyo mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo alivyobonyezea nyuzi.

Msimamizi wake alimletea santuri ya Django Reinhardt, aliyekuwa bingwa wa gitaa ingawa moto ulimharibia vidole viwili. Iommi akapata moyo. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Akatumia nyuzi nyembamba zisizomuumiza. Kufikia albamu ya tatu ya bendi yake, Black Sabbath, mwaka 1971, alizilegeza hadi mlio ukashuka nusutoni tatu. Uzito ule ambao wapigaji wa hevi metali wanautafuta hadi leo ulipatikana hapo.

Albamu ya kwanza ya bendi hiyo, iliyorekodiwa kwa siku moja, ilitoka tarehe 13 Februari 1970. Wahakiki wengi waliiponda. Wanunuzi wakaiingiza kumi bora Uingereza.

Judas Priest, bendi ya vijana wa eneo hilo hilo la Birmingham, wakaongeza magitaa mawili yanayojibizana na mavazi ya ngozi. Metallica, walioanza California mwaka 1981, wakaongeza kasi. Miaka ya tisini redio zikageukia bendi za Seattle, lakini muziki huu ulikuwa umeshapata wenyewe wengine. Mwaka 1996 Sepultura wa Brazil walitoa albamu ya Roots, wakiwa wamerekodi sehemu yake na Wazavante, watu wa asili wa nchi hiyo, kijijini kwao. Kwangu hiyo ndiyo siri ya umri mrefu wa muziki huu: kila anayeupokea huufinyanga kwa alichonacho, kama Iommi na chupa yake.

Nairobi nako muziki huu umefika. Mwaka 2020, Martin Khanja na Sam Karugu, waliojiita Duma, walitoa albamu yao kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Khanja anapasua sauti huku midundo ya kompyuta ikikimbizana na gitaa. Aliyezoea bendi kama Iron Maiden anaweza kukataa kwamba hii ni hevi metali. Mimi naisikia wazi, na naihesabu katika ukoo huo bila kusita.