Istilahi za Kompyuta katika Shule za Karagwe na Kyerwa: Historia Fupi

Mwezi wa Novemba 1861, wasafiri wawili wa Kiingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walipofika Karagwe, Mfalme Rumanyika aliwaamkia kwa Kiswahili. Na Speke mwenyewe aliandika kwamba kilikuwa Kiswahili kizuri. Jambo hili huwashangaza wale wanaodhani kwamba Kiswahili kilipelekwa magharibi ya Ziwa Viktoria na shule za Wajerumani. La hasha. Kilitangulia na misafara ya biashara. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na makao ya mfalme ya Bweranyange, na Henry Morton Stanley alipopita huko mwaka 1876 alimkuta Hamed Ibrahim akiwa mkazi mwenye nyumba na mali. Vitambaa, shanga na bunduki vilifika kwa Wanyambo vikiwa na majina yake tayari, na majina hayo yakapokewa pamoja na vitu, kwa sababu kitu kilikuwa mkononi mwa muuzaji na jina kinywani mwake.

Tumeanza mbali kwa kusudi. Makala haya yanahusu mashine iliyofika katika nchi hiyo hiyo kwa njia iliyo kinyume: jina lilitangulia, tena si moja bali matatu, na kitu chenyewe kikachelewa kwa miongo kadhaa. Karagwe ya leo ni wilaya mbili, kwa kuwa Kyerwa ilitengwa na kuwa wilaya ya pekee mwaka 2012. Lakini kwa habari za lugha na za shule historia yao ni moja.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa Hazina mwaka 1965. Kazi iliyokusudiwa ilikuwa hesabu za Serikali, na matatizo yaliyofuata, pamoja na gharama zake, yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake kutoka nje ulipigwa marufuku. Amri hiyo ililegezwa pole pole katika miaka ya 1980 na 1990. Mtafsiri wa miaka ile alijikuta katika hali ngeni kabisa. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilikuwa likitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu na kusanifu istilahi za idara, za viwanda na za masomo. Ilhali mashine hii ilikuwa haionekani. Watu walikuwa wakitafuta jina la kitu ambacho mwananchi hakukiona, hakukigusa, wala hakuruhusiwa kukinunua.

Hapana shaka hali hiyo ilichangia kuzaliwa kwa majina mengi. Neno *kompyuta* ni utohozi wa moja kwa moja, na halihitaji maelezo. *Tarakilishi* liliundwa kwa kuunganisha tarakimu na akili, likapata nguvu zaidi Kenya, ambako limeingia katika vitabu vya shule. *Ngamizi* nalo lilitajwa na kuandikwa, likabaki zaidi katika kamusi. Kila jina lilipata watetezi wake, na mijadala ilikuwa mikali. Waliotetea *tarakilishi* walisema kwamba lugha isiyojiundia maneno yake hubaki mpangaji katika nyumba ya wengine. Waliotetea *kompyuta* walijibu kwamba hatukuona aibu kusema *redio* na *baiskeli*.

Mwandishi wa makala haya yuko upande wa *kompyuta*, lakini si kwa sababu hizo. Sababu yake inatoka darasani. Mwalimu yeyote aliyesahihisha imla katika mkoa wa Kagera anajua jinsi sauti za *r* na *l* zinavyompa taabu mtoto ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kinyambo au Kihaya. *Tarakilishi* ina sauti zote mbili, moja nyuma ya nyingine. Mtoto huandika *talakirishi*, au *tarakirishi*, naye hukosa alama kwa jambo ambalo halihusiani hata kidogo na ujuzi wa mashine. Kamati za istilahi hukaa mijini, na mara chache huuliza neno litasikikaje katika kinywa cha mtoto wa Murongo, ng'ambo ya Mto Kagera ikiwa ni Uganda.

Kulaumu kamati si haki, hata hivyo, bila kutaja zilipofanya vizuri. *TEHAMA* ni mfano. Ni kifupi cha Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Kimeundwa kwa silabi na si kwa herufi za mwanzo, nacho huishia kwa irabu na kutamkika kama neno la kawaida. *Teknohama*, lililowahi kushindana nalo, lilikuwa zito. (Wapo wenye elimu ya jiografia ambao *TEHAMA* huwakumbusha Tihama, uwanda wa pwani ya Bahari ya Shamu; lakini hao si wengi, na mkanganyiko wao haudhuru.) Neno hili limeenea katika miaka iliyofuata Sera ya Taifa ya TEHAMA ya mwaka 2003 na ile ya elimu ya msingi ya mwaka 2007, na leo hata mzee asiyejua kusoma hulisikia redioni na kulielewa.

Redio ina nafasi ya pekee katika historia hii. Kayanga, makao makuu ya Karagwe, katika miaka ya 2000 shirika la FADECO liliendesha kituo cha mawasiliano, kisha redio ya jamii. Habari za kilimo na za masoko zilizopatikana kwa intaneti zilisomwa hewani kwa ajili ya wakulima wasio na kompyuta. Kwa msomi wa istilahi, hili ni jambo la kutazamwa sana. Mtangazaji hana nafasi ya kuweka neno la kigeni katika mabano. Ni lazima aseme kitu, tena sasa hivi, na msikilizaji wa shambani aelewe.

Sasa tuje shuleni. Muhtasari wa somo la kompyuta kwa sekondari ulianza mwaka 1997, kwa Kiingereza, kama masomo mengine ya ngazi hiyo. Katika shule za msingi TEHAMA ilifundishwa kwa Kiswahili, na katika mtaala uliorekebishwa katikati ya miaka ya 2010 ikaingizwa ndani ya somo la Sayansi na Teknolojia. Hivyo mtoto wa Karagwe hupita lugha tatu kuifikia mashine moja: nyumbani Kinyambo, shule ya msingi Kiswahili, kidato cha kwanza Kiingereza. Anapokuwa amekwisha kujua *kiwambo*, *kibodi* na *kipanya*, huambiwa ayaache yote aanze upya.

Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote, huku Kiingereza kikiendelea kutumika vile vile. Nani atakayemwambia mwalimu wa kidato cha kwanza afanye nini Jumatatu asubuhi, sera haikusema.

Kuna watakaosema kwamba shida ya mwanafunzi wa Kyerwa si maneno bali ni mashine na umeme. Wana haki kwa sehemu kubwa. Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi haukuwa katika gridi ya Taifa, ukapata umeme wake kutoka Uganda. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004 zilifunguliwa nyingi zikiwa hazina waya hata mmoja. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na nguzo zikaanza kufika vijijini. Kabla ya hapo, na mahali pengine baada ya hapo, mwalimu alichora kompyuta ubaoni kwa chaki na kuandika majina ya sehemu zake pembeni.

Lakini tazama hapo ubaoni. Palipokosekana mashine, neno ndilo lililokuwa somo zima. Mtoto aliyefundishwa kwa chaki hakuwa na njia nyingine ya kujua kitendo fulani ni kipi isipokuwa kwa neno alilopewa. Neno likiwa na utata, hakuna kioo cha mashine cha kumsahihisha. Kwa hiyo hoja ya umeme, badala ya kupunguza umuhimu wa istilahi, huuongeza.

Na utata upo, hasa katika vitenzi. Tumegombania jina la mashine kwa muda mrefu tukasahau vitenzi, ingawa ni kwa vitenzi mtu hutumia mashine. Chukua *chapa* na *chapisha*. Zamani karani wa ofisi *alipiga chapa* barua kwa taipureta. Mchapaji naye *alichapa* kitabu mtamboni, na mwenye kampuni *akakichapisha*. Leo mwanafunzi akiambiwa “chapa barua”, je, aandike kwa kibodi, au atoe karatasi katika printa? Na akiona *chapisha*, je, ni printa au ni kuitangaza habari kwa watu wote? Vitabu hutofautiana, na hata katika programu zilizotafsiriwa mambo si mamoja. Mtihani ukiuliza, mwanafunzi aliyefundishwa na mwalimu mmoja hupata, na wa mwalimu mwingine hukosa. Maoni yetu ni kwamba *charaza* ibaki kwa kuandika kwa kibodi, *chapa* kwa kutoa katika karatasi, na *chapisha* kwa kutangaza. Tunajua kwamba *charaza* itachekesha darasani, maana mtoto wa shule humjua mwalimu acharazaye bakora kabla ya kumjua acharazaye kibodi. Lakini neno linalochekesha hukumbukwa.

Vitenzi vingine vimepatikana kwa bahati njema. *Bofya* ni neno la zamani, maana yake kubonyeza tunda kwa kidole ili kujua kama limeiva. Katika nchi ya migomba kama Karagwe hakuna haja ya kulieleza: kidole hugusa kwa wepesi, na jibu hurudi. *Pakia* na *pakua* zilitoka katika vyombo vya baharini na mizigo. Mtoto aliyeona magunia ya kahawa yakipakiwa katika lori huelewa kwamba kitu huondoka hapa kwenda kule. Ugumu mdogo ni kwamba *kupakua* humkumbusha chakula chunguni kabla ya shehena, lakini maana haipotei: kilichokuwa kule sasa ki kwangu. *Nywila*, kinyume chake, halina mzizi ambao mwanafunzi anaweza kuushika, na walimu wengi hurudi kwenye *neno la siri*. Wasilaumiwe.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutafsiri programu huria ya kazi za ofisi, ikatolewa kwa jina la Jambo OpenOffice. Kwa mara ya kwanza maelfu ya maneno yalilazimika kuwekwa pamoja na kulinganishwa, kwa sababu kioo kimoja hakiwezi kuonyesha tafsiri mbili za amri moja. Kazi hiyo ilistahili kufika mashuleni zaidi ya ilivyofika. Kompyuta nyingi za shule zilikuwa za msaada, zimekwisha kutumika kwingine, nazo zilikuja zikizungumza Kiingereza.

Kanuni ya kusanifu istilahi inajulikana: tafuta kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, ndipo uende ng'ambo. Wana-Kagera wana sababu ya kuithamini kanuni hiyo. *Ngeli*, neno ambalo kila mwalimu wa sarufi hulitumia, wanaisimu hulitaja kuwa limetoka katika Kihaya. Kwa istilahi za kompyuta daraja hilo la pili limerukwa karibu kabisa. Tulitoka Kiswahili tukaenda moja kwa moja Kiingereza. Wakati huo huo lugha za mkoa zimeendelea kutoa maneno bila kuombwa: *butura*, yaani kununua kahawa ingali mtini kwa bei ya kumwonea mkulima, lilitoka mashambani ya Karagwe na Kyerwa, likaingia katika hotuba za viongozi na magazeti ya Taifa, kwa kuwa hapakuwa na neno jingine lililosema jambo hilo kwa ukali uliotakiwa.

Mwenendo wa zamani wa Kafuro, wa kitu na jina kufika pamoja, umerudi mara moja katika historia hii. Kwa sensa ya Agosti 2022 makarani waligawiwa *vishikwambi*, na baada ya sensa vifaa hivyo vikapewa walimu. Neno lenyewe lilikuwa geni kwa wengi, na magazeti yalilifanyia mzaha. Lakini kifaa kilikuwa mkononi. Kiambishi *ki-* kilieleweka papo hapo, tena kwa Mnyambo zaidi, maana lugha yake nayo ina ngeli hiyo hiyo. Na katika muda mfupi walimu walikuwa wakisema *kishikwambi changu*, *vishikwambi vyetu*, bila kukosea upatanisho hata mara moja. Kitenzi cha kukitia umeme tu ndicho ambacho hakikupata mwenyeji: *kinachajiwa*, wanasema, na Baraza bado linadaiwa.